Habari Iliyokuja kwa Baiskeli

Miaka ile miwa ilipokuwa inalipa, na simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia vijijini, Muhanji alikuwa fundi wa vinu katika kiwanda cha sukari upande wa Mumias. Kazi haikuwa na simile. Matrekta yalipanga foleni getini yakiwa yamebeba miwa hadi juu, vinu vilisaga bila kupoa, na mtu aliyejua kuvitengeneza aliheshimiwa kama mzee wa kanisa. Muhanji alikuwa na mke na nyumba nzuri karibu na kiwanda, na simu aliivaa kiunoni ndani ya mkoba wa ngozi. Alichokosa ni nafasi ya kwenda kwao.

Kwao ni Malinya. Huko alikuwa amewaacha watu wawili: mama yake Zipporah, mjane ambaye masikio yake yalianza kuzeeka kabla ya miguu, na mdogo wake wa pekee, Shikanga.

Shikanga alikuwa mtu mzima, mrefu, mwenye mikono ya kazi. Kijijini walisema ni mtu wa kwake. Hakumwangalia mtu usoni. Ukisimama mbele yake na kumwuliza jambo kwa haraka alinyamaza, na ukilirudia kwa ukali aliondoka. Lakini ukikaa naye ubavuni mkipukuchua mahindi, ukaiachia mikono ifanye kazi, maneno yalikuja yenyewe, yamenyooka, wala hayana uongo ndani yake. Zipporah alikuwa amemjua hivyo tangu utotoni. Aliweza kumwuliza jambo asubuhi, akaenda zake mtoni, na jibu akalipata wakati anasonga obusuma, ugali wa mchana. Hakuona ajabu.

"Huyu maneno yake yanatokanga mbali," aliwaambia watu.

Kazi yake iliyojulikana ilikuwa kulea fahali wa mchezo wa kupigana. Fahali aliyelelewa na Shikanga alikuwa na shingo nene na ngozi ya kung'aa, na uwanjani aliwatoa wenzake mbio. Siku ya mchezo wenyewe, hata hivyo, Shikanga hakutia mguu. Filimbi, ngoma na kelele za watu vilimwumiza kichwa kiasi cha kumtapisha. Aliwakabidhi vijana kamba alfajiri, akarudi nyumbani kukaa na mama yake.

Jumapili moja Muhanji alifika na simu mpya ndani ya kijiboksi.

"Sasa hatutapoteana tena," alisema, akaiweka mezani. "Mama hasikii vizuri, kwa hiyo ni wewe, Shikanga, utakayeshika. Nikipiga, unabonyeza hapa kwa kijani. Tunaongea kama vile tumekaa hapa."

Zipporah alipiga vigelegele. Shikanga aliitazama simu kwa mbali, mikono nyuma. Muhanji akaipiga kutoka ile yake ili waisikie. Ilipolia, Shikanga alirudi nyuma hatua nzima, bega likagonga ukuta.

"Inalia bila kusema nani," alisema.

"Mimi! Nani mwingine ana hiyo namba?" Muhanji alicheka, na mama akacheka kwa sababu mwanawe mkubwa alicheka.

Ndivyo simu zilivyoanza. Muhanji alipiga alipopata mwanya, na mwanya haukuwa na saa yake: mara kinu kimesimama, mara anakula, mara yuko njiani. Nyuma yake daima kulikuwa na mashine zikinguruma au watu wakizozana. Huko Malinya simu ililia, na Shikanga, kama alikuwa akikata nyasi, alitupa panga. Kama alikuwa akinywa chai, kikombe kilibaki pale pale kikapoa. Alishika simu kwa ncha za vidole.

"Ee."

"Shikanga! Habari ya huko?"

Kimya.

"Mama yuko?"

"Yuko."

"Anasemaje?"

"Hajasema kitu."

"Aai! Namaanisha yuko salama? Na mvua je? Wale watu wa kupalilia walikuja?"

Maswali matatu yalifika kwa mkupuo. Shikanga alianza kutafuta jibu la kwanza, na kabla hajalifikia Muhanji alikuwa anasema, "Halo? Halo? Unanisikia?" Hapo hata lile alilokuwa amelikaribia lilitoweka. Siku nyingine aliweka simu mezani taratibu na kutoka nje, na Muhanji akabaki akizungumza na kabati la vyombo.

Mwanzoni Muhanji aliwasimulia wenzake kiwandani wakacheka pamoja. Baadaye hakucheka. Alihisi anadharauliwa. Yeye ndiye aliyenunua simu, yeye ndiye anayetuma vocha, na huyu asiye na shughuli zaidi ya ng'ombe hawezi hata kumwambia hujambo?

Alipokwenda nyumbani Pasaka, alimkuta Shikanga zizini akimchana fahali kwa gunzi. Akamsema hapo hapo.

"Kwani mimi nimekukosea nini? Ukiwa hapa unaongea. Kwa simu unakuwa jiwe."

Shikanga aliendelea kuchana. Ilipita kitambo, Muhanji alikuwa ameshageuka kuondoka, ndipo alipojibu.

"Kwa simu sikuoni. Sioni mikono yako. Sijui kama umemaliza ama unapumua tu. Na zile kelele za kwenu zinakuja pamoja na wewe, zote ndani ya sikio langu, siwezi kukutoa wewe nikaacha kelele. Ukiniuliza, ninaanza kutafuta, na wewe unauliza tena." Akageuza gunzi. "Ukitaka nikuambie kitu, kuja. Ama mimi nitakuja."

Hakuwahi kumwambia kaka yake maneno mengi hivyo kwa wakati mmoja. Muhanji aliyasikia. Lakini alikuwa na haraka, gari lilikuwa likimngoja barabarani, na moyoni aliona ni visingizio vya mtu aliyedekezwa na mama.

"Utazoea," alimwambia, akampiga begani. "Hata akina nyanya wanaouza sokoni wamezoea."

Haukupita muda mrefu. Ilikuwa siku ya mchezo wa fahali, na Malinya yote ilikuwa imeteremka uwanjani tangu jua halijachomoza. Shikanga alikuwa ameshawakabidhi vijana kamba. Aliporudi alimkuta mama yake ameanguka kando ya jiko, sufuria ya chai imemwagika juu ya majivu. Alimwinua, akambeba kitandani. Mdomo wa Zipporah ulikuwa umeenda upande. Mkono wake mmoja ulining'inia, na alipojaribu kusema ilitoka sauti isiyo na neno. Macho tu ndiyo yaliyokuwa hai, na yalikwenda mlangoni, yakarudi, yakaenda mlangoni tena.

Shikanga alijua anamtafuta nani. Akaichukua simu. Hakuwa amewahi kuipiga kwa mkono wake, lakini alijua wapi pa kubonyeza, na alisimama nayo akipanga maneno: Mama ameanguka, njoo na gari. Aliyapanga, akayarudia, na akiwa bado anayarudia simu ikamlilia mkononi.

Alikuwa Muhanji mwenyewe. Kinu kilikuwa kimesimama kidogo akaona apige.

"Halo, Shikanga! Leo fahali wetu vipi? Tumeshinda?"

Shikanga alikuwa na maneno tayari, lakini yalikuwa ya swali jingine. Akasimama nayo mdomoni.

"Basi. Mama yuko aje?"

"Amelala."

"Mpaka saa hizi? Amechoka?"

Kimya. Nyuma ya Muhanji mtu alipiga chuma kwa nyundo, na kinu kikaanza kunguruma tena.

"Hawezi..." alisema Shikanga.

"Sikusikii! Kama amelala mwache apumzike, usimwamshe. Nitapiga jioni!"

Simu ikakatika.

Shikanga alitoka mbio hadi kwa jirani yao, Milcah, mama mtu mzima ambaye hakwenda uwanjani kwa sababu ya magoti. Milcah alimtazama Zipporah mara moja akashika kichwa.

"Umemwambia Muhanji?"

"Tumeongea naye," alisema Shikanga. Na kweli, walikuwa wameongea.

"Basi atakuja na gari. Afadhali tumngoje, tusimhangaishe mgonjwa kwa mkokoteni." Akaketi kitandani, akaanza kumpangusa Zipporah uso kwa kitambaa cha maji. Alipomwona Shikanga anatoa baiskeli, alidhani anakwenda kumpokea kaka yake barabarani. Hakuuliza, na Shikanga hakusema, kwa maana kichwani mwake palikuwa na nafasi ya maneno yale tu.

Kutoka Malinya hadi Mumias si mwendo wa baiskeli kwa mtu mwenye haraka. Alipanda vilima hadi mjini Kakamega, akapita Lurambi, akashika barabara ya Mumias yenye matrekta yanayomwaga miwa na lori zinazokusukuma mtaroni. Alianguka pahali, goti likachanika. Hakusimama kunywa maji.

Getini pa kiwanda alikuta msongamano wa siku zote: madereva wakigombana, king'ora, moshi, vyuma vikilia. Askari akamwuliza shida yake. Shikanga alifumba macho, akaziba masikio kwa viganja, midomo ikichezacheza. Askari akamdhania mlevi, akamfukuza. Akarudi. Akafukuzwa tena, akarudi tena, mpaka dereva mmoja wa kwao akamtambua na kwenda kumwita Muhanji.

Muhanji alitoka na ovaroli lenye grisi, uso umekunjamana. Alipomwona ndugu yake amejaa vumbi na damu gotini, la kwanza kumjia lilikuwa aibu mbele ya wenzake.

"Unafanya nini hapa? Mama umemwacha na nani?"

Shikanga alimshika mkono wa nguo, akamvuta hadi nyuma ya ukuta, ambako kelele zilipungua kidogo. Akasimama ubavuni mwake, akitazama chini.

"Mama ameanguka, njoo na gari," alisema. "Mdomo umeenda kando. Mkono haushiki."

"Lini?"

"Asubuhi."

"Asubuhi si nilikupigia! Ulikuwa na simu mkononi, Shikanga! Mkononi!"

Gari lilipatikana. Walimkuta Zipporah bado anapumua, Milcah bado anampangusa uso, na majirani waliorudi kutoka uwanjani wamejaa uani. Walipomfikisha hospitali mjini jua lilikuwa linashuka. Daktari alimpima, akawaita pembeni. Alisema kwa upole kwamba damu imeziba kwenye ubongo, kwamba saa za mwanzo ndizo zinazosaidia, na kwamba hata hizo si ahadi. Muhanji alisikia lile la saa za mwanzo tu. Zipporah hakusema neno tena. Alifariki kabla ya wiki kwisha.

Matanga yalikuwa makubwa, ya mtu aliyezaa mfanyakazi wa kiwanda. Fahali wa kijiji walipitishwa kaburini kama ilivyo desturi, kwaya ya kanisa ikaimba, na wakati wa familia kuzungumza ukafika. Muhanji alisimama akiwa na kipaza sauti. Alikuwa hajalala, na huzuni ilikuwa imemgeukia kuwa nyongo. Alimshukuru Milcah, akawashukuru wote waliochanga. Kisha akamtazama Shikanga aliyekuwa amesimama mbali, chini ya upenu wa zizi, ameziba masikio kwa ajili ya vipaza sauti.

"Mama yetu hakuuawa na ugonjwa," alisema. "Ameuawa na mtu aliyekuwa na simu mkononi akashindwa kusema maneno mawili. Mnamwona pale. Hata leo ameziba masikio."

Watu waliinamisha vichwa. Milcah alisema, "Aai, Muhanji, hapana," lakini hakuwa na kipaza sauti.

Shikanga alishusha mikono taratibu. Alisubiri hadi udongo wa mwisho ukatiwa, akamfunga fahali wake, akamwekea maji. Asubuhi hakuwapo. Baadaye ilisikika amepata kazi Buyangu, kwenye kitalu cha miche kando ya msitu. Simu hakwenda nayo, na Muhanji hakumfuata. Alipoulizwa habari za ndugu yake alisema, "Yuko huko," na kuigeuza hadithi.

Miaka ikapita kwa mtindo huo. Mke wa Muhanji alimzalia binti, Awinja, mtoto mzuri mwenye paji la uso la Zipporah. Awinja alichelewa kusema. Aliposema, alisema sawasawa, ila kwa watu wachache na kwa wakati wake. Baba yake alipopiga simu kutoka kazini na mama yake kumwekea simu sikioni, mtoto alijikunja na kulia kana kwamba ameunguzwa. Muhanji aliudhika, akasema mtoto anadekezwa. Neno hilo lilipomtoka alihisi kama aliwahi kulisema mahali, lakini hakulifuatilia.

Awinja alipoanza shule, mwalimu mmoja aitwaye Sellah, aliyesomea watoto wenye mahitaji maalumu, aliwaita wazazi. Mke hakuwa na nafasi siku hiyo, akaenda Muhanji. Mwalimu alimkalisha kwenye kiti kifupi cha darasani, akamweleza kuhusu usonji: kwamba si ugonjwa wa kuambukiza, si laana, si ukosefu wa adabu, kwamba ubongo wa mtoto huyu unapokea dunia kwa njia yake. Muhanji alisikiliza kwa shaka.

"Na simu?" aliuliza. "Mbona simu inamtesa?"

"Wewe unaposikiliza mtu, baba Awinja, husikilizi kwa masikio peke yake. Unaona uso wake, mikono yake, unajua amemaliza ama anaendelea. Simu inaondoa hayo yote, inabakisha sauti, tena imechanganyika na kelele. Wewe unaziba pengo bila kujua. Yeye inabidi alizibe kwa kazi ngumu, na hapo hapo atafute la kujibu, na wewe huko unamharakisha. Tena simu inalia bila kumwandaa. Si kwamba hataki kuongea na wewe. Anaweza kuwa na maneno yote, na yasipite."

Muhanji alitazama mikono yake.

"Lakini haya ni ya watoto," alisema. "Wanakua, yanaisha."

"Watoto hawa wanakuwa watu wazima," alisema mwalimu Sellah. "Wako kwenye vijiji vyetu. Tumewapa tu majina mengine."

Muhanji alishukuru, akatoka. Hakufika mbali. Nje ya lango la shule kulikuwa na gogo, akaketi. Kilichomjia hakikuwa sauti ya Shikanga wala uso wake. Ilikuwa ile baiskeli. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amejiuliza kwa nini ndugu yake hakusema kwenye simu, na hata mara moja hakujiuliza kwa nini mtu mwenye simu mfukoni apande baiskeli kutoka Malinya hadi Mumias, achanike goti, afukuzwe getini na kurudi. Mtu asiyejali hafanyi hivyo. Na tena alikuwa ameambiwa mapema, zizini, kwa Kiswahili chepesi: ama mimi nitakuja. Ndugu yake alikuja. Naye akamsimanga mbele ya jeneza.

Alilia pale kwenye gogo, mtu mzima, wazazi wengine wakipita.

Jumamosi iliyofuata alikwenda Buyangu. Hakutuma salamu mbele, kwani hapakuwa na mtu wa kutumwa. Kitalu kilikuwa chini ya kivuli cha nyavu, na Shikanga alikuwa ameketi kwenye kigoda akijaza udongo kwenye vifuko vya miche. Nywele zimeanza mvi. Alimwona kaka yake, mikono ikasimama, kisha ikaendelea.

Muhanji aliketi chini kando yake. Alichukua kifuko kimoja akaanza kujaza, vibaya; Shikanga akakichukua, akakimwaga, akamwonyesha jinsi ya kushindilia. Wakajaza. Muhanji alikuwa amekuja na hotuba, na yote ilikwisha kinywani.

"Nilikukosea," alisema hatimaye. "Lile neno la matanga. Halikuwa kweli. Wewe ndiye uliyejaribu. Mimi ndiye niliyekata simu."

Alisubiri. Nyani walipiga kelele msituni, wakanyamaza. Vifuko vilijaa safu nzima.

"Nilikuwa nimeyapanga," alisema Shikanga. "Mama ameanguka, njoo na gari. Wewe ukauliza fahali. Halafu ukauliza kama amechoka. Hakuwa amechoka. Nikawa sina pa kuyaweka yale yangu." Akashindilia udongo kwa vidole viwili. "Njiani niliyasema yote, nisiyasahau. Mpaka kwa geti."

"Shikanga..."

"Alikuwa anakutafuta kwa macho. Ndiyo maana nilikuja kukuchukua. Ningeweza kumpeleka hospitali na mkokoteni. Nilifikiria hiyo baadaye. Bado ninaifikirianga."

Muhanji hakujua kama mdogo wake anamlaumu au anajilaumu. Pengine yote mawili. Alitamani kusema kwamba hakuna aliyejua, lakini si kweli kwamba hakuna aliyejua. Mama yao alijua, na Shikanga mwenyewe alisema.

"Rudi nyumbani," alimwomba. "Shamba lipo. Nyumba ya mama ipo, nimeitunza. Nitakununulia fahali."

"Hapana."

"Hata kutembea tu? Uone kaburi?"

"Pale uliposema, ninapasikia bado. Nikipita pale nitapasikia." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza njia isiyopitika.

"Basi nisamehe."

Mzee mmoja wa kitalu alikuja, akahesabu miche kwa macho, akaenda. Muhanji hakurudia ombi lake. Alikuwa amejifunza hilo kwa kuchelewa mno.

"Nimesikia," alisema Shikanga.

Muhanji alingoja kama kuna jingine, halikuwapo. Jua lilipoelekea kushuka aliinuka, akakung'uta udongo, akaaga. Shikanga aliinua mkono kidogo bila kugeuza kichwa.

Alirudi tena mwezi uliofuata, na mwingine, wakati mwingine pamoja na Awinja. Mtoto na baba yake mdogo hawakusalimiana kwa maneno. Walikaa upande mmoja wa rundo la udongo, wakajaza vifuko hadi saa ya kwenda, na Awinja aliporudi nyumbani alikula vizuri na kulala mapema. Muhanji alikaa upande wa pili. Shikanga alimjibu aliyoulizwa, akamwonyesha miche iliyoota na iliyokufa. Lakini lile neno aliloliomba siku ya kwanza hakulipata, na kila alipoteremka kutoka msituni kwenda kutafuta gari la kumrudisha Mumias, alipiga hesabu ile ile isiyokwisha: kwamba siku ile ya Pasaka, zizini, gari lingeweza kungoja.